Filamu ya Ossufo

Mute, 9 Februari 2025

Kwa mke mwenzangu Wahida, Palma.

Assalamu alaykum. Ni mimi Chamima, mke mkubwa wa marehemu Ossufo. Najua mwandiko huu huujui, maana tangu akuoe sijakuandikia hata neno moja, na wewe hujaniandikia. Tumeonana msibani tu, tena mimi nimejifunika upande huu na wewe umejifunika upande ule. Nikikutana nawe sokoni leo sitakujua. Basi hujambo? Mama yako anayekaa nawe hajambo? Eda inakwendaje huko mjini? Huku sisi tunashukuru. Binti yetu Nafisa ndiye anayenipikia, na wifi yetu Cadija amehamia kabisa kuja kunilinda, hata nikipiga chafya anauliza kulikoni.

Usishtuke. Sikuandikii kwa ajili ya vitu. Kitanda, televisheni, baiskeli, vilivyo kwako vikae kwako, wenye kugawa mirathi watagawa. Mimi nina neno moja tu, na nimekaa nalo tangu siku ya khitma.

Cadija ameniambia kwamba Ossufo akiwa kwako alikuwa na filamu moja ya kuchekesha, ya watu wa ofisini. Kila jioni hiyo hiyo, hachoki. Alipolisema hilo, mwenzio ndani niliungua.

Nikuambie kinachoniuma. Ossufo zamu yangu ikifika alikuwa anaingia na kicheko. Hajavua viatu, ameshaanza. Nami nilikuwa nacheka naye mpaka mbavu zinauma, lakini moyoni nasema, hiki kicheko kimepikwa nyumba ile, mimi naletewa makombo. Nimeishi hivyo miaka mitatu. Sasa mwenyewe amekufa na siwezi kumuuliza. Nataka kujua ni kitu gani mlikuwa mnakicheka ninyi wawili. Je, filamu hiyo inafaa kutazamwa? Kama ipo, nitumie. Kama hutaki, sema hutaki, sitakuja kukugombeza. Nitakujaje, na mimi nimo ndani kama wewe?

Barua hii anayo Sadique, yule anayepeleka mkaa Palma kwa pikipiki. Mama yako ampokee yeye, wewe usitoke.

Mimi mke mwenzio,
Chamima


Palma, 17 Februari 2025

Dada Chamima, wa alaykumu salaam, na shikamoo nyingi.

Mimi mzima, mama mzima, isipokuwa miguu yake inavimba kwa joto hili. Nawe pole na eda, pole na kulindwa. Huku kwangu hakuna wa kunilinda. Majirani wanaangalia wenyewe bila kuombwa.

Niliposikia kuna barua kutoka Mute nilimwambia mama asome yeye, mimi sina nguvu ya kutukanwa. Mama akasoma kimya, nikaona tumbo linamcheza kwa kicheko. Akanitupia karatasi: "Soma mwenyewe. Mwenzio anauliza filamu."

Dada, kama ni mtihani, sema. Kama si mtihani, jibu langu ni kwamba haifai. Haifai hata chaji ya simu. Inaitwa Bosi Kasinzia, imetengenezwa huko ng'ambo ya Ruvuma, na nadhani waliokuwa wanasinzia ni wao walioitengeneza. Ni ofisi ambayo mpaka mwisho hujui inafanya kazi gani. Kuna bosi mnene, anaanguka na kiti. Anainuka, anaanguka tena. Kuna karani amejigonga muhuri kwenye paji la uso na haufutiki, siku nzima anatembea ameandikwa IMEPOKELEWA. Kuna mwingine akitaka ruhusa anasema bibi yake amefariki. Bibi huyo anakufa na kufa, mpaka bosi anafunga safari kwenda kutoa pole, anamkuta bibi anatwanga mpunga na kuimba. Watu wote wanapiga kelele, muziki unalia pasipo sababu. Mwisho ofisi nzima inalala juu ya meza. Basi, hapo ndipo inapoishia.

Kadi yenyewe hii, nimeifunga kwenye kitambaa. Ni ile ndogo ya simu, Nafisa ataiweka kwenye simu yake. Kama wenye eda tunaruhusiwa kutazama au haturuhusiwi, mimi sijui. Mama anasema tulichokatazwa ni kujipamba na kuzurura, na filamu hiyo haijampamba mtu.

Ila dada, hilo la kusema tulikuwa tunacheka sisi wawili, nani kakuambia? Leo naliacha hapo.

Mke mwenzio mdogo,
Wahida


Mute, 26 Februari 2025

Kwa Wahida.

Salamu zangu zikufikie wewe na mama, na miguu yake ipoe. Mwambie aiweke kwenye maji ya chumvi. Sisi wazima, mahindi yamebeba vizuri mwaka huu, nayasikia kwa Nafisa maana shambani siendi.

Nimeitazama. Nilijifunika kanga gubigubi, simu ndani, sauti nimeipunguza ili Cadija asisikie. Mwanzo sikucheka hata kidogo. Mtu mzima na kitambi chake anaanguka na kiti, nani amemsukuma? Nikasema, Wahida kasema kweli, huu ni upuuzi, tena upuuzi wa kelele.

Halafu akaja yule wa muhuri. Wahida, moyo ulinilipuka. Huyu namjua! Huyu ni Luís! Ossufo alinisimulia habari za Luís, karani wa ofisini kwake, amejigonga muhuri usoni na umeandika RECEBIDO kwa Kireno, mke wake amemfukuza mpaka ufutike. Nilimcheka Luís wiki nzima. Zamu iliyofuata jambo la kwanza niliuliza, "Paji la Luís limepona?" Nikatuma na ujumbe kwamba ajaribu ndimu na majivu.

Nikaendelea kutazama. Akaja wa bibi. Huyo naye namjua, huyo ni Inácio! Na bosi wa kiti ndiye chefe mwenyewe, mkubwa wa Ossufo kazini! Yote, Wahida. Yote niliyosimuliwa kuwa ni habari za kazini, yamo humo kwenye simu, yanafanywa na watu wa ng'ambo. Na mimi mjinga nilikuwa nawatumia salamu. Inácio alipofiwa na bibi mara ya kwanza, kabla hadithi haijafika mbali, nilimfungia Ossufo kuku wangu mwekundu nikasema mpelekee, hata kama dini zetu mbali, msiba ni msiba. Ossufo alimpokea kuku yule kwa adabu, akasema, "Atashukuru sana."

Hapo ndipo kicheko kilipokuja. Si filamu niliyoicheka, nilijicheka mimi na kuku wangu. Nikajaza kanga mdomoni nisitoe sauti, mabega yananiruka. Cadija akaingia. Akanikumbatia juu ya kanga: "Lia wifi yangu, lia, usizuie." Akaanza kulia yeye. Nafisa akaja mbio, naye akalia. Mimi chini huku nacheka, nawaacha walie, halafu sijui ilikuwaje na mimi nikawa nalia kweli. Wameniletea maji na dua. Mpaka leo Cadija anawaambia wageni nilivyoumia.

Sasa niambie ukweli, usinionee huruma. Luís yupo? Inácio yupo? Ofisini kwa Ossufo kulikuwa na nani? Na kuku wangu alikwenda wapi?

Ramadhani inaingia, nami filamu naiweka kando mpaka Idi. Ukikaa kimya nitaelewa kuwa unafunga.

Mke mwenzio,
Chamima


Palma, 5 Aprili 2025

Dada Chamima, Idi njema, ijapokuwa tumeila ndani bila nguo mpya. Shikamoo. Mama anakusalimia, maji ya chumvi yamemsaidia.

Kuku tulimla sisi.

Ossufo alikuja naye mkononi akasema, "Bi mkubwa anakusalimia, kakuletea kuku." Nilifurahi mno. Nilimpika kwa nazi, nikawa namwambia mama, unaona, mke mwenzangu mtu mwema, watu wanamsingizia tu. Kumbe nimekula rambirambi za bibi wa watu!

Luís hayupo, dada. Inácio hayupo. Nilidhani unajua. Kampuni yenye ofisi ile iliondoka wakati wa vita na haijarudi. Yamebaki makontena, meza, viti vya magurudumu na jenereta isiyowaka. Ossufo alikuwa mlinzi, peke yake, tangu asubuhi mpaka mwenzake wa usiku afike. Haruhusiwi kutoka, haruhusiwi kumfungulia mtu lango. Siku nzima anatazama viti. Nani angemletea kichekesho hapo?

Sasa lile nililoliacha. Mimi sijamwona Ossufo akiicheka filamu hii hata siku moja. Wallahi. Alikuwa anakaa mbele ya televisheni amekunja uso kama mtu anayesomea mtihani. Bosi akianguka, anarudisha nyuma. Anatazama tena, midomo inamchezacheza, anajaribu na mkono hivi. Nikimsemesha ananiinulia kidole, ngoja. Nilikuwa nakaa pembeni na chakula kinapoa. Nilifikiri amenichoka, nikasema, huyu anajificha kwenye filamu ili asikae na mimi. Kumbe alikuwa anajifunza! Alikuwa anajifunza aje akusimulie wewe.

Basi nani kaletewa makombo, dada? Wewe umecheka miaka mitatu mpaka mbavu zinauma. Mimi nilikuwa mwenye umeme tu. Huko Mute hakuna umeme, huku upo, ndiyo maana alikuwa anakuja huku. Hivyo ndivyo ninavyoona sasa, na siwezi kuona vinginevyo. Nilikuwa namlilia mume, sasa namlilia mtu aliyekuwa anangojea kwangu zamu ya mwingine ifike.

Sina ugomvi na wewe. Hukujua, na mimi sikujua. Lakini usiniandikie tena habari ya filamu hiyo. Baki nayo, ni yako, ilikuwa yako tangu mwanzo.

Wahida


Mute, 12 Aprili 2025

Wahida mdogo wangu, salaam.

Natumai u mzima, maana barua yako haikusema. Umeandika habari za miguu ya mama na kuku, za kwako hukuandika. Basi nakuuliza tena: hujambo?

Umesema nisikuandikie habari ya filamu. Nakuandikia. Hasira zako nimezisoma zote, na ninaona unayo haki nazo. Lakini kuna jambo hulijui, na nisipokuambia mimi hakuna mwingine wa kukuambia.

Tuliporudi kutoka ukimbizini tulikuta nyumba hii ni majivu na kuta. Mama yangu tulimzika njiani, mahali ambapo hata leo siwezi kukuonyesha. Nikawa sisemi. Si kwamba nilikasirika, maneno tu hayakuja. Ossufo akija ananikuta nimekaa pale kwenye mkeka, akiondoka ananiacha hapo hapo. Waganga walikuja, masheikh walikuja. Siku moja akaingia akasema, "Unajua Luís kafanya nini leo?" Nami hata simjui Luís. Akanisimulia, akajigonga kiganja usoni, akatembea chumbani kama karani aliyedhalilika. Nikacheka, nikashtuka mwenyewe kusikia sauti yangu. Nafisa aliacha sufuria jikoni akaja kunitazama.

Basi Ossufo akaona dawa imepatikana, akawa anakuja na dozi kila zamu. Alikuwa ananiuguza, Wahida. Usinionee wivu kwa ugonjwa wangu. Kama ungekuwa mgonjwa wewe, naye angekuta filamu kwangu, mimi ndiye ningekaa na chakula kinapoa.

Sasa nina malalamiko. Filamu uliyonitumia ni pungufu.

Nimeitazama tena baada ya Idi, tangu mwanzo mpaka wanapolala mezani, namtafuta mtu mmoja simpati. Mwanamke wa chai yuko wapi? Yule anayeuza chai nje ya lango. Huyo ndiye aliyekuwa mtamu kuliko wote! Luís na Inácio si kitu mbele yake. Chefe anaita kutoka ndani kwa sauti kubwa, "Wewe wa chai, niletee hapa!" Naye hata hageuki: "Chai yangu haina miguu, chefe. Miguu unayo wewe." Chefe anakuja, anaonja, analalamika haina sukari. "Koroga, chefe. Sukari iko chini, kama kazi zako zote zilivyo chini ya meza." Ossufo akimwiga huyo alikuwa anaweka mkono kiunoni na kuinua unyusi mmoja, mimi hoi.

Nilimpenda mwanamke huyo. Hao wengine wakimalizika nilikuwa nasema, haya basi, na wa chai leo kasema nini? Hakuwahi kukosa la kunipa. Kuna siku nilimwambia, "Huyu angekuwa jirani yangu, mimi nisingehitaji shoga mwingine." Ossufo alinitazama sana, kisha akaomba maji ya kunywa.

Nakurudishia kadi. Wewe unaijua filamu hii kuliko mimi. Angalia kama ina sehemu ya pili, au kama wa dukani walikata kipande wakati wa kunakili. Kama imekatwa, tutafute nzima. Bila mwanamke wa chai, filamu hii nakubaliana nawe, haifai.

Dada yako,
Chamima


Mute, 3 Mei 2025

Mdogo wangu Wahida.

Sadique amepita kwako mara mbili akarudi mikono mitupu. Anasema mama yako anamwambia bado. Bado nini? Unaumwa? Au nimekuudhi na habari za ugonjwa wangu? Kama ni filamu, iache. Nijibu tu kwamba uko hai. Cadija ameanza kuniuliza kwa nini nachungulia barabarani.

Dada yako,
Chamima


Palma, 19 Mei 2025

Dada yangu Chamima, shikamoo.

Nisamehe. Siumwi, mama haumwi, na hukuniudhi. Sadique asilaumiwe, kosa langu. Kila nikianza kuandika kalamu ilikuwa inagoma, namaliza karatasi kwa salamu tu.

Sehemu ya pili haipo. Hakuna aliyekata kitu. Nimeitazama tena yote, hata majina yale yanayopita mwisho nimeyasoma, nikijua kabisa sitamkuta. Mwanamke wa chai hayumo kwenye filamu. Yumo kwenye nyumba hii, ndiye anayekuandikia.

Kabla hajanioa nilikuwa nauza chai na mikate mbele ya lango lile. Hukuwahi kuuliza nilikuwa nafanya nini, nami niliona huna haja ya kujua. Wateja wangu walikuwa madereva wa malori na mafundi wa barabara. Ofisini hakukuwa na mtu ila mlinzi. Siku ya kwanza nikasikia naitwa kutoka ndani kwa sauti ya mkubwa, "Wewe wa chai, niletee hapa!" Nikachungulia kwenye nondo. Amekikalia kiti cha magurudumu katikati ya uwanja, mguu juu ya mguu, kofia ya ulinzi usoni. Chefe gani huyo! Nikamjibu hivyo ulivyoandika. Neno kwa neno, dada. Na la kukoroga pia ni langu. Mkono kiunoni ni wangu. Nyusi, mama anasema ni zangu tangu utotoni.

Nilikuwa na mdomo mimi. Tulipooana nikaupunguza, nikasema mke wa mtu hajibu hivyo, na mke mdogo ndiyo kabisa, atasemwa. Naye hakuniambia turudie, hakuniambia anayakumbuka. Nilidhani chai aliinywa ikaisha. Kumbe alikuwa anayachukua maneno yangu, kila zamu, anakuletea, na wewe unaomba nyongeza!

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika pale ilipokunjwa, mama ameibandika kwa uji. Nililia, kisha nikacheka, kisha nikamuuliza mama mambo ya ajabu, kwamba mtu anaweza kupendwa kwenye nyumba ambayo hajafika? Mama akasema nilale.

Miezi yote hii nilijiambia sikuwa chochote kwa mtu yule ila waya wa umeme. Dada, alisema nini tena juu yangu? Niandikie yote. Usifupishe, hata kama kuna mabaya.

Mdogo wako,
Wahida


Mute, 25 Mei 2025

Wahida, mdogo wangu, wa alaykumu salaam na marahaba.

Sisi wazima. Mahindi yamevunwa, kuku wamezaana. Mama apewe salamu zangu za peke yake, na mwambie uji wake umeshika vizuri kuliko gundi ya dukani.

Nisikudanganye, niliona wivu. Barua yako ilipofika nilinuna siku nzima, Cadija nikamjibu vibaya kwa sababu ya chumvi. Nikasema, kumbe yule niliyekuwa namuomba ndiye huyu niliyekuwa namuogopa. Ossufo alinikalisha hapa, akanifanya nimpende mke mwenzangu kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kuniambia! Kesho yake nikaisoma tena, nikafika pale kwenye kiti cha magurudumu na kofia usoni, nikacheka, na safari hii sikujaza kanga mdomoni. Cadija akauliza kulikoni. Nikamwambia. Amekunja uso, atakunjua.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini barua zako zilikuwa zinanichekesha tangu ile ya kwanza, na mimi nilikuwa nataka kukuchukia.

Umesema nikuandikie yote. Siwezi. Ni mengi, na mengi yanataka mikono na macho ya Ossufo. Mimi naweza kumwiga, Nafisa shahidi. Eda tunatoka siku moja, mimi na wewe. Ukishaoga ukavaa, ukamaliza ya kwenu, panda gari uje Mute na mama. Mtalala chumba cha Nafisa. Kuhusu filamu, Cadija na Nafisa wameniuliza, nimewajibu: haifai kutazamwa, watu wawili tumeipima na tumekubaliana. Usiilete.

Moja tu nitakuandikia hapa, kwa sababu hiyo hakuimaliza. Alisema siku moja mvua ilikuja ghafla. Watu wote langoni wakakimbia. Mwanamke wa chai hakukimbia. Alivua mtandio wake akalifunika jiko lisizimike, yeye analoa, maji yanamtiririka usoni, na bado anawatukana waliokimbia bila kurudisha vikombe. Chefe akawa anamtazama kutoka ndani. Kisha akafungua lango, jambo ambalo lilikatazwa kabisa, akatoka kwenye mvua akasimama mbele yake.

Nikamwambia Ossufo, haya, kisha? Nikasema, chefe alimwambia nini? Akasema, "Basi, imeishia hapo." Nilimkasirikia, nikadhani amesahau mwisho.

Alikuambia nini, Wahida? Uje unimalizie.

Dada yako,
Chamima